Kisima kinapanda na kushuka kila siku 15 kasoro: ni mwezi, ni pampu, au ni daftari?

#1 Mkonze_Data
Salaam wakuu. Naomba jicho la wajuvi wa ishara na takwimu.

Kuna kisima cha uangalizi kaskazini mwa Dodoma mjini, ukanda wa Makutupora. Kina cha maji kinapimwa kwa mkono, kwa dipa ya utepe, hadi sentimita nzima. Kutoka usomaji wa kwanza hadi wa mwisho ni siku 580, usomaji wenyewe ni 380. Wikiendi hakupimwi, na wakati wa mvua barabara ikikatika linaingia pengo la wiki nzima au zaidi.

Nimeunganisha nukta kwa mstari mnyoofu ili nipate thamani moja kwa kila siku, nikaondoa mteremko, nikaendesha FFT (hesabu inayopasua data kuwa mawimbi ya vipindi mbalimbali). Ukiacha kilima kikubwa cha mwaka, kilele kinachochomoza ni cha siku 14.9, kimo chake kama sentimita 1.5. Nusu ya mwezi mwandamo ni siku 14.77. Je, maji ya chini ya ardhi huku bara yanaweza kufuata mwezi? Au kilele hiki kimezaliwa na hesabu?

#2 Zabibu_Kavu
Kumbe ndiyo maana boza linapanda bei mwezi ukiwa mpevu. Nimeshachukua kiti, endeleeni.

#3 Fundi_Spektra
Tatizo lako ni kule kuunganisha nukta. FFT ya Cooley na Tukey (1965) inataka nafasi sawa kati ya usomaji na usomaji. Ukijaza pengo la siku 10 kwa mstari, unaiambia kompyuta kwamba unajua kilichotokea siku zote hizo, na kwamba hakikuwa na wimbi lolote. Mstari ni kichujio: unakandamiza masafa (idadi ya mizunguko kwa siku) ya juu na kuyapa ya chini uzito yasiostahili.

Tumia periodogramu (mchoro wa nguvu ya wimbi kwa kila masafa) ya Lomb–Scargle. Kwa kila masafa inatafuta sine na kosine zinazokaa vizuri zaidi kwenye usomaji ulionao tu, kwa nyakati zake halisi, kwa njia ya miraba midogo kabisa. Hakijazwi kitu. Lomb aliiandika 1976, Scargle akaitolea takwimu zake 1982.

#4 Ihumwa_Junction
#3 kaanza vizuri kamaliza vibaya. Kujaza kwa mstari kunapunguza wimbi, hakulizui kutoka hewani. Kimo kinazidishwa kwa mraba wa sinki (sinc, yaani sin πx ÷ πx) ya x = masafa × nafasi. Wimbi la siku 14.8 likipimwa kila siku linabaki na 98% na zaidi ya kimo chake, likipimwa kila baada ya siku 7 linabaki na 45% hivi. Kwa hiyo kama kilele kimeonekana hata baada ya kujaza, huenda halisi ni kirefu zaidi ya sentimita 1.5. Mstari si mshtakiwa hapa.

Mshtakiwa wa kwanza ni dirisha la sampuli. Siku tano za kupima, mbili za kupumzika, hiyo ni ruwaza yenye masafa yake: 1/7 kwa siku. Kila wimbi la kweli linapata vivuli viwili, masafa yake kujumlisha na kutoa 0.1429. Wimbi la 0.0677 litatupa kivuli kwenye 0.2106 (siku 4.75) na kwenye 0.0751 (siku 13.3). Angalia kama hivyo vivuli vipo. Visipokuwepo kabisa, mstari umevifunika.

Namna ya kuliona dirisha: weka 1 mahali pa kila usomaji, tumia nyakati zilezile, usitoe wastani, piga periodogramu. Chochote kinachochomoza hapo ni cha ratiba ya mpimaji, si cha maji.

#5 Bahi_Tambarare
Na kwa historia, Lomb na Scargle hawakuwa wa kwanza. Barning alifanya hivyo 1963 na Vaníček 1969. Tuwape haki yao.

#6 Chimwaga_Juu
Mkonze_Data, siku 14.77 ni namba maarufu. Wimbi kuu la mwezi kwenye ardhi ngumu, M2, lina kipindi cha saa 12.42, yaani mizunguko 1.9323 kwa siku. Ukipima mara moja kwa siku, saa ileile, mizunguko miwili kamili kwa siku haionekani, unabaki na tofauti tu: 2 − 1.9323 = 0.0677. Geuza, unapata siku 14.77. Hiyo ni sura bandia ya M2, hakuna kitu chochote cha wiki mbili kinachotokea kisimani.

Na ndiyo, kisima cha bara kinaweza kufuata mwezi. Bahari haihusiki. Ardhi yenyewe inabanwa na kuachiwa, vinyweleo vya mwamba vinabadilika ujazo, na chemchemi (tabaka la mwamba linaloshika maji) iliyofunikwa na udongo wa mfinyanzi inaonyesha milimita kadhaa hadi sentimita chache. Mwamba wa Makutupora ni graniti iliyooza na kupasuka, juu yake kuna mfinyanzi sehemu nyingi, kwa hiyo si jambo la ajabu.

Ushahidi mwingine ni wa latitudo. Mawimbi ya nusu siku kama M2 yana nguvu zaidi karibu na ikweta. Ya siku moja, kama O1 (saa 25.82), yanafifia ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, O1 inabaki na kama moja ya tano ya kilele chake. Sura bandia ya O1 ingekuwa siku 14.19. Kama kilele chako ni 14.8 na 14.2 pametulia, picha inaafiki.

#7 Kongwa_Ranchi
Kwa nini tuzunguke? Kuna wimbi la kweli la wiki mbili, halihitaji sura bandia. Mwezi na jua vikijipanga, siku 14.77. Kwisha.

#8 Chimwaga_Juu
Hapana mkuu. Katika nguvu ya mvuto, wimbi la wiki mbili lenye ubavu ni Mf, la siku 13.66. Hilo la 14.77 (MSf) ni dogo zaidi ya mara kumi kuliko Mf. Ingekuwa mvuto wa moja kwa moja, kilele kingekaa 13.66 na 14.77 pasionekane kitu. Siku 580 zinatosha kabisa kutenganisha hizo mbili.

#9 Ihumwa_Junction
Kabla hamjapaa angani, kuna mabomba chini. Visima vya uzalishaji vilivyo jirani vinapokezana. Mzunguko wa pampu, matengenezo, hata kulipa umeme kunaenda kwa kalenda ya katikati na mwisho wa mwezi. Nusu ya mwezi wa kalenda kwa wastani ni siku 15.22.

Sasa uwezo wa kutenganisha: tofauti ya masafa izidi 1/T, T ikiwa urefu wa data kwa siku. Kati ya 15.22 na 14.77 unahitaji kama siku 500. Kati ya zamu ya siku 14 kamili na 14.77, siku 270. Kati ya siku 14 na 14.19, karibu miaka mitatu. Kwa siku 580 na kilele cha 14.9, kalenda ya pampu bado iko mchezoni, tena kwa FFT ambayo hatua zake ni 14.5, 14.87, 15.26. Hiyo "14.9" ni chumba namba 39 tu, usiisome kama kipimo.

#10 Fundi_Spektra
Hapo kwenye hatua za FFT umegonga penyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kuhama.

Mkonze_Data, hatua ni hizi:

Gridi: hatua ya masafa iwe 1/(10T), yaani 1/5800 = 0.00017 kwa siku. Anzia 1/580, fika 2.2. Ni kama pointi 12,700, kompyuta yoyote inamaliza kabla chai haijapoa.

Wastani: tumia toleo linalokadiria wastani pamoja na wimbi (Zechmeister na Kürster, 2009). Lile la zamani linatoa wastani kwanza, na mapengo yako yakiangukia wakati wa mvua, wastani unakuwa wa kiangazi na makosa yanamwagikia masafa ya chini.

Mwaka: usiondoe msimu kama hatua ya pembeni. Weka mstari, sine na kosine ya siku 365.25 na hamoniki yake moja (wimbi la nusu ya kipindi hicho) ndani ya modeli ileile. Una mizunguko 1.6 tu ya mwaka, hivyo usiripoti kimo cha mwaka kama matokeo. Kazi yake ni kupisha njia.

Kisha dirisha la sampuli kama alivyosema #4.

#11 Nzuguni_Kodi
Nyongeza kwa wanaotumia Python: kitendakazi cha Lomb–Scargle cha SciPy kinapokea masafa ya pembe, radiani kwa siku. Wa Astropy unapokea mizunguko kwa siku. Ukiingiza mizunguko kwenye ile ya SciPy, kilele utakachokiita siku 14.8 ni wimbi la siku 93. Na la kweli la 14.8 litaonekana kama siku 2.36. Mtu anaweza kuandika ripoti nzima juu ya 2π.

#12 Baromita_Mbovu
Mnasahau hewa. Ukanda wetu wa tropiki una mawimbi ya shinikizo la hewa yanayofuata jua: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kila siku, bila kuchoka. Kuanzia alfajiri hadi saa nne shinikizo linapanda hektopaskali moja hadi mbili. Hektopaskali moja ni sentimita 1.02 za maji. Kisima kilicho wazi kwenye chemchemi iliyofunikwa kinashuka hewa ikipanda. Kama ufanisi wake wa kibarometa (sehemu ya badiliko la hewa inayoonekana kwenye maji) ni nusu, hektopaskali 2 zinakupa sentimita moja.

Sasa fikiria mpimaji mwenye visima kadhaa vya kuzungukia. Wiki moja anaanzia huku, wiki ijayo anaanzia kule. Kisima chako kinapimwa mapema wiki hii na kuchelewa wiki ijayo. Unapata wimbi la siku 14 lililotengenezwa na pikipiki.

#13 Mkonze_Data
Asanteni. Faili langu lina tarehe tu. Saa ipo kwenye daftari la karatasi, sikuiingiza kwa sababu kila mara ni asubuhi.

#14 Ihumwa_Junction
Basi hapo ndipo mjadala wote ulipolalia. Kikomo cha masafa ya juu kwa sampuli zisizo sawa si wastani wa nafasi. Eyer na Bartholdi (1999) walionyesha: tafuta kigawo kikubwa kabisa kinachogawanya nafasi zote, kikomo ni 1/(2 × hicho kigawo). Nyakati zikiandikwa kwa dakika, kikomo kinafika 720 kwa siku. Zikiandikwa kwa tarehe tu, kigawo ni siku moja, kikomo ni 0.5. M2 na siku 14.77 vinakuwa kitu kimoja, nambari kwa nambari, na hakuna Lomb wala Scargle atakayevitenganisha.

#15 Hombolo_Bwawani
Na akiingiza saa, awe macho na mtego wa kwetu. Daftari limeandikwa "saa 2", aliyeingiza akaandika 02:00. Kurasa nyingine aliingiza mtu mwingine akaandika 08:00. Tofauti ni saa sita.

Kwa wimbi la siku 14.77, saa sita ni nyuzi 6 za awamu (mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake), halijali. Kwa M2, saa sita ni nyuzi 174, karibu kinyume kabisa. Nusu ya kurasa zikiwa hivi na nusu vile, kimo cha M2 kinabaki 5% tu ya kilichokuwepo, huku sura bandia yake ikibaki nzima. Yaani uingizaji mbovu unaipa ushindi ile isiyo ya kweli. Chora histogramu ya saa kwanza. Ukiona vilima viwili vilivyoachana kwa saa sita, umeshajua.

#16 Zabibu_Kavu
Hii ya #15 inatosha kuitwa tasnifu. Ila kuna wanaoandika "saa 2 kamili jioni" wakimaanisha usiku, hao tuwaweke kundi gani?

#17 Hombolo_Bwawani
Kundi la kupigiwa simu.

#18 Mirembe_Ward
Samahani kuingilia, je njia hii inafaa kwa mapigo ya moyo? Nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani.

#19 Fundi_Spektra
Inafaa, na wengi wanaitumia hukohuko. Kila nafasi ipewe wakati wa pigo lake, usizipange upya kwa nafasi sawa. Mikanda inayosomwa kwa kawaida ni 0.04 hadi 0.15 na 0.15 hadi 0.4 hezi. Toa mapigo ya ziada kwanza, maana pigo moja lililokosewa linamwaga nguvu kwenye mkanda wote wa juu. Fungua uzi wako tutakuja.

#20 Mkonze_Data
Nimeingiza saa. Histogramu ilikuwa na kilima cha saa nane usiku, nimezirudisha hizo mahali pake. Sasa usomaji wote uko kati ya saa 2:00 na saa 3:30 asubuhi. Masalio baada ya kuondoa mwaka yana mkengeuko (mtawanyiko wa kawaida) wa sentimita 3.

Vilele: 0.0676, 0.9325, 1.0676 na 1.9324. Vyote karibu sawa kwa urefu. Cha 1.9324 kiko juu kidogo sana. Kivuli cha siku 13.3 kipo, cha 4.75 kipo. Kwenye 14.19 hakuna kitu.

#21 Bahi_Tambarare
Kwanza tuhoji kama kilele ni kilele. Urefu sanifu, N ikiwa idadi ya usomaji, ni N × kimo² ÷ (4 × mkengeuko²): 380 × 2.25 ÷ 36 = karibu 23.8. Kwa kelele nyeupe (ambayo leo haitegemei jana), uwezekano wa bahati mbaya kwenye masafa moja ni e kwa kipeo hasi hicho, yaani hakuna.

Lakini kina cha maji si kelele nyeupe. Leo inafanana na jana. Njia ya Schulz na Mudelsee (2002) inakadiria kumbukumbu hiyo moja kwa moja kutoka kwenye nafasi zisizo sawa. Kumbukumbu ya masalio ikiwa siku 5, usuli kwenye siku 14.8 ni mara 1.84 ya kelele nyeupe, na 23.8 yako inashuka hadi 12.9. Ukizidisha kwa masafa huru 290 hivi hadi kikomo cha 0.5, uwezekano wa bahati ni chini ya 0.001. Ni wimbi. La nani, ndiyo kazi.

#22 Kongwa_Ranchi
Hiyo hesabu inachukulia kelele tulivu. Makutupora haina kelele tulivu. Utafiti wa Taylor na wenzake wa 2013, kwenye kumbukumbu ya miaka 55 ya visima hivyohivyo, ulionyesha maji yanaongezeka kwa vipindi vichache vya mvua kali, kikubwa kikiwa El Niño ya 1997/98, kisha yanashuka polepole miaka. Mruko mmoja na mteremko mrefu una nguvu kwenye masafa yote. Mruko mmoja ndani ya siku 580 ukibaki kwenye masalio, modeli ya kumbukumbu ya siku 5 haina maana. Kata data vipande viwili, piga kila kipande, uone kama awamu inaendelea kutoka kimoja hadi kingine.

#23 Ihumwa_Junction
Hoja nzuri hii. Ya awamu ni bora kuliko urefu. Mwezi haubadili awamu, pampu hubadili.

Kuhusu hiyo 1.9324 kuwa juu kidogo, isikupe moyo. Dirisha la saa moja na nusu lina mkengeuko wa dakika 26. Kati ya 0.0677 na 1.9323 hiyo ni radiani 0.23 za awamu, na kilele kisicho cha kweli kinapoteza 5% tu ya nguvu. Kwenye 23.8 ni pungufu ya 1.2. Kelele inaweza kutoa hiyo upande wowote.

#24 Chimwaga_Juu
Tiba ni rahisi: pima pia jioni, saa 10 hadi 11, siku moja moja. Saa nane baadaye M2 imezunguka nyuzi 232, wimbi la kweli la 14.77 limesogea nyuzi 8 tu. Usomaji wa jioni kama 60, uliosambazwa kwenye awamu zote za mwezi bila mpangilio wa wiki, utavunja kufanana. Usipime jioni za Ijumaa pekee.

#25 Baromita_Mbovu
Jioni hiyo hewa iko karibu na bonde lake la siku. Usipoondoa shinikizo, utapandikiza tofauti ya asubuhi na jioni kwenye kila kitu. Weka kitendo cha hewa kama safu nyingine ndani ya modeli, na utumie shinikizo la kituo, lile la hektopaskali 890 hivi kwa mwinuko wetu, si lile lililorekebishwa hadi usawa wa bahari.

#26 Nzuguni_Kodi
Au loga (kifaa kinachojirekodia chenyewe) ya kila dakika 15 kwa mwezi mmoja, mkamalizane. M2 na wimbi la jua la saa 12 kamili vinatengana baada ya siku 14.77, siku 29 zinatosha vizuri. Loga isiyo na mrija wa hewa iende na baromita pembeni. Iwekwe saa ya Afrika Mashariki na iandikwe hivyo juu ya faili, maana nyingi zinahifadhi saa ya ulimwengu na zitakuachia saa tatu za kosa. Iningʼinizwe kwa waya wa chuma, nailoni inarefuka wiki za kwanza. Dipa ishushwe siku ya kuiweka na siku ya kuitoa.

#27 Ihumwa_Junction
Loga itakuonyesha kama M2 ipo. Haitakuonyesha kama sentimita 1.5 zote ni zake. Ikitoka na kimo cha nusu sentimita, nyingine ni za nani? Leta daftari la pampu za jirani, saa za kuwasha na kuzima, na siku umeme ulipokatika.

#28 Chimwaga_Juu
Ikitoka nusu sentimita nitakubali pampu ina sehemu yake. Ikitoka moja na nusu, hilo daftari la pampu libaki kabatini.

#29 Mkonze_Data
Daftari la pampu limeandikwa kwa tarehe tu.